Nyoka wa Edeni ni nani? Namna ya kuongoza somo la Mwanzo 3 jumuiyani

Uliza swali hili katika jumuiya yoyote, kuanzia Mikindani mpaka Nachingwea, na jibu litakuja kabla hujafunga mdomo: "Shetani." Lakini ukifungua Mwanzo 3 ukaisoma mstari kwa mstari, neno Shetani hulioni. Ibilisi naye hayumo. Kuna nyoka tu. Mwanajumuiya mmoja mdadisi akiligundua hilo katikati ya kipindi nawe hukujiandaa, muda wote uliobaki utaliwa na mabishano, na kila mtu atarudi nyumbani na jibu lake alilokuja nalo.

Mwongozo huu ni wa katekista, mwinjilisti, mzee wa kanisa au mwenyekiti wa jumuiya atakayeliongoza somo hili kwa mara ya kwanza. Jambo la kushika ni moja: wasomeshe watu maandiko kwa utaratibu yalivyokuja, na usiruhusu Ufunuo ujibu kabla Mwanzo haijamaliza kusema. Kwa imani ya Kikristo nyoka na Shetani wanakutana, hilo hatulipingi. Ila wanakutana mwishoni mwa safari ndefu, na somo lenyewe ndiyo hiyo safari.

Muda, watu na vifaa

Tenga dakika 90. Watu 8 hadi 20 wanatosha. Wakizidi hapo wagawe makundi mawili, maana wazee watasema na vijana watabaki kusikiliza. Msimu wa kuokota korosho usilipange jioni ya siku ya kazi: watu wanatoka shambani wamechoka, na ukifika kwenye Ayubu nusu yao wanasinzia. Jumapili baada ya ibada, chini ya mwembe, panafaa kuliko popote.

Uwe na Biblia za aina tatu. Ya kwanza ni Union Version, ambayo wengi wanayo na ndiyo waliyoikariri. Ya pili ni Habari Njema, kwa ajili ya wale ambao Kiswahili cha zamani kinawapa shida. Ya tatu ni Biblia ya Kikatoliki, kwa sababu ina kitabu cha Hekima ya Sulemani, na bila mstari mmoja wa kitabu hicho ngazi yako itakosa kipandio. Kama jumuiya ni ya Kilutheri au ya Kipentekoste, azima kwa jirani Mkatoliki na useme mapema kwamba utausoma mstari huo kama ushahidi wa jinsi Wayahudi walivyolielewa jambo hili kabla ya Kristo. Ukisema mapema hakuna atakayeshtuka, bali ukilitoa katikati ya somo utashukiwa.

Ongeza karatasi mbili za bango, maki peni za rangi mbili, selotepu, na vipande sita vya karatasi ulivyoandika marejeo (tutayataja chini). Picha ya nyoka aliyejizungusha mtini na tufaha mdomoni iache nyumbani. Tunda la Edeni halikutajwa jina. Tufaha limezoeleka kwa sababu ya michoro ya Ulaya, na huenda limesaidiwa na Kilatini, ambamo neno "malum" laweza kuwa ovu na laweza kuwa tufaha. Kwa ushahidi uliopo kwenye Mwanzo, bibo lina haki ileile.

Maneno matatu ya kuyajua kabla

Neno la kwanza ni la Kiebrania, nahash. Ni neno la kawaida la nyoka, wala si jina la malaika au cheo cha pepo. Ni lilelile la Mwanzo 49:17, pale Yakobo anaposema Dani atakuwa nyoka barabarani, na ndilo la nyoka walioshambulia Waisraeli jangwani katika Hesabu 21. Atakayekuambia kwamba "kwa Kiebrania" nyoka wa Edeni alikuwa kiumbe wa nuru anayeng'aa, mwombe akuonyeshe mstari.

Jirani yake ni neno arum, lililotafsiriwa "mwerevu". Mstari uliotangulia, 2:25, unasema mtu na mkewe walikuwa uchi, na "uchi" hapo ni arummim. Sikio la Kiebrania linasikia mchezo wa maneno: wawili walikuwa uchi, nyoka alikuwa mwerevu, na kwa sauti maneno hayo ni kama pacha. Kiswahili hakikuweza kuubeba mchezo huo, na mgawanyo wa sura umeuficha zaidi. Kwa hiyo anza kusoma 2:25, usianze 3:1.

Neno la pili ni shetani, na hapa ndipo mwezeshaji wa huku kusini anapojikwaa zaidi. Kwa Kiebrania satan maana yake ni mpinzani au mshitaki. Katika Hesabu 22:22 anayesimama njiani kumpinga Balaamu ni malaika wa Bwana, na neno lililotumika ni hilohilo. Katika Ayubu 1 na 2 neno linakuja na kiambishi cha kubainisha, kama kusema "yule mshitaki", mwenye nafasi yake barazani mbele za Mungu. Hayo ni ya Kiebrania. Kwetu pwani "shetani" ni kitu kingine tena: mtu "ana shetani", "amepandwa na shetani", kuna ngoma za mashetani, na wachongaji wa Kimakonde wana mtindo mzima wa vinyago uitwao shetani, wenye jicho moja, mikono mirefu na midomo iliyopinda. Ukisema tu "nyoka ni shetani", bibi aliyekaa nyuma anaweza kuelewa kwamba Hawa alipandwa na pepo kichwani na alihitaji kupungwa. Basi katika somo hili sema kila mara "Shetani, yule mpinzani wa Mungu", na ubaoni andika kwa herufi kubwa mwanzoni.

Neno la tatu ni Ibilisi. Katika Agano Jipya la Kiswahili, kwa kawaida Ibilisi anasimama mahali pa neno la Kigiriki diabolos, msingiziaji, na Shetani mahali pa satanas. Ona Mathayo 4: mstari wa 1 Yesu anajaribiwa na Ibilisi, mstari wa 10 anamfukuza Shetani, na ni mmoja huyohuyo. Maneno yote mawili yameingia Kiswahili kupitia Kiarabu, ndiyo maana jirani Mwislamu akipita na kusikia, hatahitaji kutafsiriwa.

Kuanza: karatasi yenye mstari katikati

Chora mstari katikati ya karatasi ya bango. Kushoto andika "Yaliyoandikwa", kulia "Tuliyoyaongeza". Msomaji asome Mwanzo 2:25 hadi 3:15 polepole, mara mbili. Mara ya kwanza watu wasikilize tu. Mara ya pili kila atakayesikia jambo juu ya nyoka aseme, nawe uandike upande unaostahili.

Kushoto yatakusanyika haya: ni mmoja wa wanyama wa mwitu, ameumbwa na Mungu, ni mwerevu kuliko wenzake, anasema, anajua habari ya amri, analaaniwa atembee kwa tumbo na kula mavumbi, ana uzao. Kulia yatakuja mengine: malaika aliyeasi, Lusifa, tufaha, mbawa. Usimcheke mtu kwa kilichoandikwa kulia. Kila kilichoko kulia kina asili yake, na baadhi utakitafuta baadaye.

Tulia kwenye maneno ya nyoka mwenyewe. Union Version inasema: "Ati! Hivi ndivyo alivyosema Mungu, Msile matunda ya miti yote ya bustani?" Waulize watu: "Msile" ni mmoja au wengi? Kiswahili kinaonyesha wazi kabisa: ni wengi, kama katika Kiebrania. Na "Hakika hamtakufa" ni wengi pia. Nyoka anamwelekea mwanamke lakini anasema na wote wawili. Katika 3:6 Kiebrania kinaongeza kwamba mumewe alikuwa pamoja naye, maneno ambayo Union Version imeyaruka. Mwambie huyo mzee anayependa kusema "mwanamke ndiye aliyetuponza" asome tena viambishi.

Kisha linganisha 3:5 na 3:22. Nyoka alisema macho yatafumbuliwa nao watakuwa kama Mungu wakijua mema na mabaya. Katika 3:7 macho yalifumbuliwa. Katika 3:22 Mungu mwenyewe anasema mtu amekuwa kama mmoja wetu kwa kujua mema na mabaya. Kwa hiyo huyu si mwongo wa uongo mtupu. Ni mwenye kuchanganya, anayetoa kweli tatu ili kuuza uongo mmoja. Sifa hiyo inatufundisha zaidi kumhusu kuliko swali la rangi yake au urefu wake. Iandike kushoto, kwa rangi ya pili.

Sehemu hii ipewe dakika 30. Wengi huipa kumi, na ndiyo maana somo huwaharibikia.

Vipande sita

Gawa vile vipande kwa watu sita, wasome kwa kufuatana, na baada ya kila kimoja uliza swali moja tu: "Hapa nyoka ametajwa? Shetani ametajwa? Wote wawili?"

Ayubu 1:6-12: yule mshitaki yupo, nyoka hayupo. Zekaria 3:1-2: vivyo hivyo. Hekima ya Sulemani 2:23-24: kwa husuda ya Ibilisi mauti iliingia ulimwenguni. Nyoka hajatajwa, ila kisa kinachodokezwa ni cha Edeni, na wasomi wengi wanaliweka andiko hili karibu karne moja kabla ya Kristo au baadaye kidogo. Hapa ndipo kamba mbili zinapoanza kusokotwa. Yohana 8:44: Ibilisi ni muuaji tangu mwanzo na baba wa uongo, na nyoka hatajwi kwa jina. 2 Wakorintho 11:3 na 11:14: Paulo anamtaja nyoka aliyemdanganya Hawa kwa hila yake, na baada ya mistari michache anamtaja Shetani anayejigeuza mfano wa malaika wa nuru, lakini hawaunganishi kwa mdomo wake. Ufunuo 12:9 ndiyo inayofunga: joka mkubwa, nyoka wa zamani, aitwaye Ibilisi na Shetani. Majina manne kwa mpigo mmoja.

Ruhusu kimya kidogo baada ya hicho cha mwisho. Watu wakishapita vipande vitano bila kumpata, cha sita wanakisikia kana kwamba ndiyo mara ya kwanza.

Ukiulizwa kama wapo wengine waliofikiri hivyo zamani, una cha kusema. Katika karne ya pili Justino Mfiadini na Ireneo, walimu wa Kanisa la kale, walikwisha kumtambua nyoka kuwa ni Ibilisi au chombo chake. Kitabu cha Henoko, andiko la kale la Kiyahudi lisilomo katika Biblia zetu, sura ya 69, kinampa kazi hiyo malaika aitwaye Gadreeli. Yosefo, mwanahistoria Myahudi wa karne ya kwanza, anamweleza nyoka kama mnyama aliyesema kama wanyama wengine wa wakati ule, akanyang'anywa sauti na miguu. Katekisimu ya Kanisa Katoliki namba 391 inaongelea sauti ya kushawishi nyuma ya uasi wa wazazi wetu, na kusema Maandiko na Mapokeo yanaona humo malaika aliyeanguka. Usiyamwage yote haya. Chagua mawili.

Mstari wa 15, neno kwa neno

"Nami nitaweka uadui kati yako na huyo mwanamke, na kati ya uzao wako na uzao wake; huo utakuponda kichwa, na wewe utamponda kisigino."

Waombe watazame "huo", kisha "utamponda". "Huo" unafuata uzao, kitu kama ukoo mzima. Lakini "utamponda" ina -m-, nayo ni ya mtu. Ndani ya sentensi moja mtafsiri ametoka kwenye ukoo akaingia kwa mtu mmoja. Halikuwa kosa la uchapaji. Kiebrania kinatumia neno la uzao ambalo ni la kiume kisarufi na linaweza kuwa wengi au mmoja, na Kigiriki cha Septuaginta, tafsiri ya kale ya Agano la Kale, kikachagua "yeye" wa kiume. Vulgata, Biblia ya kale ya Kilatini, ikasoma "yeye" wa kike, na ndiyo asili ya sanamu za Bikira Maria akimkanyaga nyoka. Vulgata mpya ya 1979 ikarudi kwenye uzao. Kama jumuiya ni ya Kikatoliki, na sanamu hiyo iko kanisani, eleza hili kwa utulivu. Sanamu haijafutwa maana yake, kwa sababu uzao ni wa mwanamke.

Pia angalia kwamba kitenzi ni kimoja, kuponda na kuponda. Tofauti iko mahali pigo linapotua: kichwa kwa kisigino. Yeyote aliyewahi kukanyaga nyoka akipalilia anaelewa bila maelezo.

Maswali yatakayokuja, na namna ya kuyapokea

"Nyoka alikuwa na miguu?" Mwanzo haisemi. Inasema atatembea kwa tumbo, na Wayahudi wa baadaye wakahitimisha kwamba alikuwa nayo. Huenda kijana akasema amewahi kuona chatu mwenye vikucha viwili vidogo karibu na mkia. Ni kweli, chatu anavyo, ni mabaki ya miguu ya nyuma. Usivifanye ushahidi wa Edeni, maana wataalamu wa viumbe wanavieleza kwa njia yao na utajikuta unatetea jambo ambalo andiko halikudai. Vivyo hivyo mavumbi: nyoka hali vumbi, anakula panya na vyura. "Kula mavumbi" ni lugha ya kudhalilishwa, kama Mika 7:17.

"Mnyama atasemaje?" Mpeleke muulizaji kwa punda wa Balaamu, Hesabu 22:28. Pale imeandikwa Bwana alikifungua kinywa cha punda. Kwa nyoka hakuna aliyetajwa kufungua kinywa. Ukimya huo ndio uliowafanya wasomaji wa baadaye kuuliza nani alikuwa nyuma yake.

"Si Lusifa wa Isaya 14?" Isaya 14:4 inasema wazi ni mithali juu ya mfalme wa Babeli, na katika 14:12, mahali ambapo Kilatini kina neno "Lusifa", Union Version imeandika "nyota ya alfajiri". Ezekieli 28, yenye maneno "ulikuwa ndani ya Edeni", inamwimbia mfalme wa Tiro. Mapokeo yameyasoma juu ya Shetani, sawa, lakini yaandike upande wa kulia wa karatasi.

"Kaini alikuwa mtoto wa nyoka?" Mafundisho haya yanazunguka, hasa kwenye simu. Jibu ni fupi: soma Mwanzo 4:1. Adamu alimjua Hawa mkewe, akapata mimba, akamzaa Kaini. Kisha endelea na jambo lingine, usiwape nafasi ya kupima ukoo wa mtu kijijini.

"Lakini kwa Waislamu ni Ibilisi moja kwa moja." Katika familia zetu hili litaulizwa, kwa kuwa nyumba nyingi Lindi na Mtwara zina shangazi Mwislamu na binamu Mkristo. Ni kweli: katika Kurani, Al-Baqara 2:36, Al-A'raf 7:20 na Ta-Ha 20:120 anayewashawishi ni Shetani, na nyoka hatajwi kabisa. Al-Kahf 18:50 inasema Iblisi alikuwa katika majini. Kisa cha nyoka kumbeba Ibilisi mdomoni mpaka peponi, pengine na tausi akiwamo, kinatoka kwenye masimulizi ya visa vya mitume, na at-Tabari, mfasiri wa Kurani aliyefariki mwaka 923, ameyanukuu. Wazee wanaokijua kisa hicho watafurahi ukikitaja kwa heshima. "Shikamoo babu, hebu tusimulie" inafungua mlango kuliko kubishana.

Mahali somo linapoharibika

Kosa la kwanza ni la mwezeshaji mwenyewe: kutaja Ufunuo 12 kwenye sala ya kufungua. Ukishaitaja, karatasi yako haina kazi tena. La pili ni kumwachia mhubiri mgeni dakika tano "za nyongeza", kwani tano zake ni thelathini. La tatu ni hatari zaidi: mtu kuanza kuwataja majirani kuwa ndio "nyoka", au kuhusisha nyoka aliyeingia uani kwa fulani na uchawi. Likianza, kata hapohapo kwa kurudi kwenye mstari: nyoka wa Mwanzo 3 anatambulika kwa maneno yake, na shutuma za uchawi hazimo kwenye andiko. Mwenye nyoka uani anahitaji uwanja usafishwe, majani yakatwe na mashimo ya panya yazibwe. Akiwa koboko au swila, wote wakae mbali na aitwe mwenye ujuzi wa kumwondoa.

Karatasi ya bango usiitupe. Ikunje uihifadhi mpaka kipindi kinachofuata, ambacho kiwe Hesabu 21:4-9, pale neno lilelile nahash linatumika kwa nyoka wa shaba anayewekwa juu ya mti na wanaomtazama wanapona. Andaa vipande viwili vya ziada, 2 Wafalme 18:4 na Yohana 3:14, uwape wasomaji leo hii kabla hawajaondoka.